UZI: Kumwongoza mchezaji wa gofu asiyeona. Mwambie ukweli wa mpira ulikoangukia

Kiwiko (mwanzisha uzi):

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwanza atarudi.

Nina dada yangu mkubwa. Presha ya macho ilimnyang'anya kuona kidogo kidogo, ikaanzia pembeni ikamalizia katikati, na leo hata ukimmulika taa usoni haoni tofauti. Anacheza gofu, tena anashindana. Mimi ndiye mwongozaji wake, huu ni mwaka wa nne. Naandika kwa sababu nimeona watu wenye moyo mzuri kabisa wakijitolea kazi hii, halafu huruma yao ndiyo inayomwangusha mchezaji. Mimi mwenyewe nilianza hivyo.

Ilikuwa raundi yetu ya tatu au ya nne pamoja. Shimo la kwanza nikampanga, akapiga. Mlio ulikuwa mtamu, ule wa mpira uliokutana na katikati ya fimbo. Mpira ukanyooka mita kama mia hivi, kisha ukaanza kukata kulia, ukaishia kwenye nyasi ndefu chini ya miti. Akaniuliza, "Vipi?" Nikamjibu, "Safi sana dada, uko pazuri." Nilitaka aanze siku na furaha, basi.

Tukaanza kutembea, mkono wake kwenye kiwiko changu. Hatujafika mbali akasema, "Mbona tunakwenda kulia?" Nikamwambia njia imepinda. Akanyamaza. Tukaenda tena kidogo, nyasi zikaanza kumgusa vifundo vya miguu. Akasimama, akakanyaga mara mbili pale pale kama mtu anayejaribu ubao kama umeoza. "Hizi si nyasi fupi."

Sikuwa na la kusema. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kwamba nimeugonga katikati, mikono yangu imeshaniambia. Ulikokwenda ndiko mikono haijui. Hilo ndilo nililokuletea hapa. Sasa ukinificha hilo, mimi nimekuja na nani?"

Na hasara haikuwa ya shimo moja. Alijua tu uko nyasi ndefu, hakujua umekata vipi; aliamini kusimama kwake na mzunguko wake wa fimbo viko sawa, akavirudia vile vile mashimo matatu mfululizo, na mpira ukakata kulia mara zote tatu. Mchezaji anayeona hujirekebisha kwa kutazama mpira ukiruka. Yeye hujirekebisha kwa maneno yangu tu, na maneno yenyewe yalikuwa ya uongo.

Tangu siku ile taarifa yangu baada ya kila mpigo ina mpangilio mmoja: umeanzia wapi, umepinda wapi, umetulia wapi, zimebaki mita ngapi. "Umeanza katikati, umekata kulia mwishoni, uko nyasi ndefu, mia thelathini na tano hadi katikati ya grini." (Grini ni ule uwanja mdogo wa nyasi fupi sana wenye shimo.) Simpi pole wala vigelegele kabla ya hapo. Akishaipata hiyo, yeye mwenyewe huchagua kama anataka kufurahi au kukasirika.

Nitaendelea, naomba mchango wenu pia.

---

Nyasi Fupi:

Mkuu nimefika mapema leo, naweka kambi. Swali la mtu asiyejua: mtu haoni kabisa, mpira wenyewe ni kitu kidogo kama limau, anaupataje?

---

Kiwiko:

Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonishangaza mimi pia mwanzoni. Mpira wa gofu haumwendei mtu. Umetulia chini, kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, unamsubiri. Kwenye mpira wa miguu au tenisi jicho lina kazi ya kufuata kitu kinachokimbia. Huku kazi ya jicho ni kupima kabla. Ukishasimama sawa, fimbo ikishakaa nyuma ya mpira sawa, mzunguko uliobaki unafanywa na mwili kwa kumbukumbu. Hata wanaoona wakisimama vibaya hukosa.

Kwa hiyo sisi tunafanya hivi. Namfikisha mpirani, namweleza mbele kukoje: umbali, upepo, hatari iko wapi, tungependa mpira udondoke wapi. Tunakubaliana fimbo. Anafanya mizunguko ya majaribio nyuma kidogo, mbali na mpira, na kabla hajafanya hivyo mimi nazunguka nikague kwamba hakuna tawi wala mtu. Kisha anasogea, nachuchumaa, nashika kichwa cha fimbo nakiweka nyuma ya mpira, uso wa fimbo ukitazama tunakolenga. Yeye anajenga miguu na mabega kufuata fimbo. Naangalia vidole vya viatu, nyonga, mabega. "Bega la kushoto funga kidogo. Zaidi. Hapo."

Nikishasema "hapo", mdomo wangu umefungwa na mimi nimeshatoka. Kuanzia neno hilo yuko peke yake.

Upepo una mtego wake. Yeye anausikia shavuni kuliko mimi, lakini ule wa shavuni si lazima uwe ule wa juu ambako mpira unapita. Mimi natazama vilele vya miti na bendera, yeye ananipa wa chini, tunavichanganya.

---

Fimbo Kumi na Nne:

Nauliza bila nia mbaya kabisa. Ikiwa wewe ndiye unayelenga, wewe ndiye unayepima umbali, wewe ndiye unayesoma grini, huyo anayeshindana ni yeye au ni wewe?

---

Kiwiko:

Mkuu hilo naulizwa kila mara na sichukii. Chukua fimbo yako, mwombe rafiki akupange vizuri kabisa, fumba macho, piga. Rudia mara ishirini. Utajua nani anayecheza.

Kumpanga mtu kunaondoa kosa la kulenga. Hakumpi mizani, hakumpi mwendo wa mikono, hakumpi ujasiri wa kuachia fimbo kwa nguvu zote bila kuona inakokwenda. Kanuni nazo zimeuweka mpaka hapo hapo: mwongozaji anaruhusiwa kusaidia kusimama, kulenga na kutoa ushauri kabla ya mpigo. Kushika fimbo wakati inapiga haruhusiwi mtu yeyote zaidi ya mchezaji mwenyewe.

Na mchezo huu si wa jana. Clint Russell wa Duluth, Minnesota, kule Marekani, alipoteza macho mwaka 1924 tairi lilipompasukia usoni. Mwaka uliofuata alikuwa ameshaanza kupiga mipira, na mwaka 1930 akamaliza mashimo 18 kwa mipigo 84 (huku mipigo ikiwa michache ndiyo bora). Wapo wengi wenye macho mazima wanaocheza maisha yao yote bila kuiona 84. Charley Boswell alipofuka vitani Ujerumani mwaka 1944, naye akaja kuwa bingwa wa taifa wa Marekani mara nyingi. Chama cha Marekani cha gofu ya wasioona kilianzishwa 1953, na shirikisho la kimataifa likaja 1997. Ni mchezo wenye miaka mia moja sasa.

Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo gofu haijaingia kwenye Paralimpiki. Watu wakisikia "mashindano ya wasioona" wanadhani ni tamasha la hisani.

---

Robo Jicho:

Nimesoma nikaona na mimi niseme, maana mimi ndiye mchezaji, si mwongozaji. Niko B3.

Kwa wasiojua: kuna makundi matatu. B1 ni asiyeona kabisa, au anayeona mwanga tu bila kutambua umbo la mkono. B2 ni anayeona umbo la mkono lakini uwezo wake haupiti 2/60, au upana wa kuona kwake uko chini ya nyuzi 5. B3 ni kuanzia hapo hadi 6/60, au upana wa nyuzi 5 hadi 20. Hiyo 2/60 maana yake mtu anakiona kwa mita mbili kile ambacho wengine wanakiona wakiwa mita sitini. Inapimwa kwa jicho lililo bora, tena ukiwa na miwani yako.

Sasa shida. Waongozaji wengi wakishasikia "haoni vizuri" wananifanya B1. Mimi sina katikati ya jicho. Nikikutazama usoni uso wako haupo, ni doa. Lakini pembeni naona, na nikigeuza kichwa kidogo mpira mweupe kwenye nyasi nauona kabisa. Mtu akinishika fimbo kuniwekea nyuma ya mpira ananivuruga, kwa sababu nilikuwa nimeshaupata kwa pembe yangu. Ninachohitaji ni umbali, na mpira ulikodondoka. Basi.

Nina rafiki B2 ambaye ni kinyume changu: anaona katikati kama anachungulia kwenye bomba, pembeni giza. Yeye anauona mpira, ila hana habari na mti ulio hatua mbili kushoto kwake. Kwake hatari zote ziko pembeni.

Kwa hiyo ukiitwa kumwongoza mtu, kabla hamjagusa fimbo kaeni chini umuulize anaona nini. Usimuulize daktari wake. Muulize yeye.

---

Kiwiko:

Robo Jicho, asante sana kaka. Hili ningelisahau kwa sababu mimi nimezoea mtu mmoja tu.

---

Mshale wa Saa:

Mimi nina mwezi wa pili tu nikimwongoza mzee wetu mmoja. Nilisoma mahali kwamba njia rahisi ya kumweleza mtu mwelekeo ni saa ya ukutani. Nikamwambia, "Mzee, kuna banka saa tatu, usisogee huko." (Banka ni lile shimo la mchanga.) Akasogea moja kwa moja kuliendea. Nusura aanguke. Nilimdaka mkono. Nimekosea wapi?

---

Kiwiko:

Hukukosea peke yako, hata sisi lilitupata.

Wewe uliposema saa tatu uliiona namba 3 kwenye uso wa saa, yaani kulia. Mzee wako yeye anajua saa tatu ya asubuhi mshale uko kwenye namba 9. Hiyo ni kushoto. Kwa hiyo alikwepa kushoto akaenda kulia, kwenye banka. Saa yetu inasomwa kwa kuvuka upande wa pili, na mbele kabisa, pale kwenye namba 12, kwetu ni saa sita.

Sisi tumeamua kutumia namba na kuliacha kabisa neno saa. "Bendera namba kumi na mbili, maji namba kumi." Mwenye kupenda saa atumie, mradi wote wawili wawe wanaisoma namna moja. Na pale palipo na hatari ya kuanguka wala sitaji namba. Nasema "simama" kwanza. Maelezo yanafuata mguu ukiwa umetulia.

Pole kwa mzee. Mwambie ukweli kwamba kosa lilikuwa la lugha yenu, asije akadhani masikio yake yameanza kuchoka.

---

Mzee wa Mchanga:

Hapo kwenye banka mmenikumbusha kitu. Mwaka juzi nilikuwa namwongoza binti mmoja, B1. Mpira ukaingia bankani. Akashusha fimbo ikagusa mchanga nyuma ya mpira, mimi nikaipanga. Msimamizi mmoja wa mashindano akaja akamwongezea mipigo miwili. Nikajieleza, hakunisikiliza, akasema kugusa mchanga ni kosa kwa kila mtu. Binti akamaliza raundi analia. Lilikuwa kosa kweli?

---

Kiwiko:

Halikuwa kosa, mzee wangu, na nasikitika sana kwa binti huyo.

Kwa mchezaji anayeona, ndiyo, kugusa mchanga kwa fimbo nyuma ya mpira ni adhabu. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2023 marekebisho ya wachezaji wenye ulemavu yameingizwa ndani ya kitabu kikuu cha kanuni, ni Kanuni ya 25. Zamani yalikuwa kijitabu cha pembeni, wasimamizi wengi hawakuwa nacho. Kifungu cha wasioona ni 25.2. Asiyeona anaruhusiwa kugusa mchanga anapoweka fimbo mbele au nyuma ya mpira, na hata kwenye mzunguko wa majaribio. Asichoruhusiwa ni kuupima mchanga kwa makusudi, kuuchimbua ajue ni mgumu au laini.

Kifungu hicho hicho kinamruhusu kuwa na mwongozaji na mbeba begi kwa pamoja, ila waongozaji wawili kwa wakati mmoja hapana. Na kuna hili: mbeba begi wa kawaida haruhusiwi kusimama nyuma ya mpira kwenye mstari wa mpigo mchezaji anapojipanga. Mwongozaji wa asiyeona anaruhusiwa, mradi hasaidii mpigo wenyewe. Nimeshapigiwa kelele na wachezaji wenzetu mara mbili kwa kusimama pale.

Mimi sasa ukurasa huo nimeuchapisha, nimeukunja, uko mfukoni mwa begi. Naenda kwa msimamizi kabla ya shimo la kwanza, namsalimia, namuonyesha, namuuliza kama ana swali. Ni dakika tatu. Asubuhi msimamizi anakusikiliza, hana hasira na mtu. Ukisubiri mpaka bankani, mmeshakuwa watu wa kubishana.

---

Fimbo Kumi na Nne:

Nimejaribu ile ya kufumba macho. Kati ya mipira ishirini niliigusa kumi na moja, na iliyoruka ni minne. Naomba radhi kwa swali langu.

Lakini nina lingine. Unasema ukweli wote. Je, maji yakiwa kushoto, mita hamsini, unamwambia kabla ya kupiga? Mimi naona, na nikiyaona maji tu mikono inakufa ganzi. Si afadhali asijue?

---

Kiwiko:

Hakuna radhi mkuu, umejaribu, wengi hawajaribu.

Hili tumelipigania sana na dada. Nilikuwa na mawazo kama yako: maji asiyoyaona yasiwepo. Siku moja nikamficha, akachagua fimbo ndefu akaachia kwa nguvu, mpira ukazama. Akauliza ule mlio wa chubwi ni wa nini. Ningemwambia kabla, angechukua fimbo fupi acheze salama. Kwa kumficha nilimchagulia mimi, na adhabu akaibeba yeye kwenye kadi.

Kwa hiyo namwambia. Ila mpangilio wa maneno ndio wenye kazi. Hatari nazitaja mapema, wakati bado tunachagua fimbo na begi liko wazi. Tukishaamua, sizitaji tena. Tukifika kwenye mpira maneno yote ni ya kule tunakotaka uende. Sisemi "usiende kushoto". Nasema "mti mmoja mrefu, namba kumi na mbili, mia na ishirini". Neno la mwisho analobaki nalo masikioni kabla ya "hapo" ni shabaha.

---

Robo Jicho:

Naunga mkono. Na sauti, jamani. Mimi nikisikia mwongozaji kashusha sauti ghafla najua kuna maji hata kama hakusema.

---

Nyasi Fupi:

Kiwiko hujagusa grini. Mtu anausukumaje mpira kwenye kitundu asichokiona?

---

Kiwiko:

Grini nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo naipenda.

Shimo lina upana wa milimita 108. Tukifika, tunaanza mpirani tunatembea hadi shimoni, polepole, yeye akihesabu hatua zake mwenyewe. Hatua zangu hazimsaidii kitu, mikono yake imezoea urefu wa miguu yake. Na miguu inasoma mteremko kuliko macho yangu. Mara nyingi mimi nimeona tambarare, yeye akasema, "Hapa katikati kisigino cha kulia kiko chini." Nachuchumaa kutazama vizuri, kweli.

Tukifika shimoni nagonga mlingoti wa bendera ndani ya kikombe. Ule mlio wa ko-ko-ko unampa picha ya shimo liliko. Anageuza uso kuufuata, anatulia hapo kidogo. Siku hizi mlingoti unaweza kubaki ndani mpira ukiingia, haina adhabu tangu 2019, kwa hiyo mara nyingi tunauacha, na mpira ukiugonga anausikia. Kisha tunarudi, namwekea uso wa fimbo, narudi nyuma, naacha.

Juzi kwenye shimo la mwisho ulibaki mpira mmoja, hatua zake nne na nusu, kupanda kidogo. Watu walikuwa wamesimama wanatazama. Akasukuma. Mpira ukaenda umenyooka kabisa, ukapunguza, ukapunguza, ukasimama mdomoni. Umbali wa ukucha. Watu wote wakafanya "aaah!" kwa pamoja, sauti ambayo haimwambii asiyeona kitu chochote.

Akageuza kichwa upande wangu. "Vipi?"

"Umeanza katikati, haukupinda, umesimama mdomoni. Umepungua kiasi cha ukucha."

"Katikati ya kikombe au ubavuni?"

"Katikati kabisa."

"Basi mkono ulikuwa sawa. Ni kile kisigino, nilikihisi nikakipuuza." Akanyoosha mkono, nikampeleka, akagusa mpira kwa kidole kwanza kuupata, akaupanga, akaugonga ndani. Ko. Akaniambia niandike tano, si nne.

Kesho asubuhi tunarudi uwanjani kufanya hatua nne na nusu za kupanda, mipira hamsini. Mzee wa Mchanga, nitakuandikia faragha nikutumie ule ukurasa wa 25.2.